Ngozi ya mtoto si ya kusuguliwa

Juu ya homa ya watoto mmekwisha kusoma mengi, na juu ya chakula chao, na juu ya shule. Juu ya ngozi yao watu huandika machache. Lakini kila Jumapili, Misa ikiisha, mama wakisimama mbele ya kanisa na watoto mgongoni, neno la kwanza ni lipi? «Mama, mtoto wako unampaka nini?» Sisi tumeulizwa hivyo mara nyingi. Jibu letu ni fupi mno, hata wengine hudhani tunaficha siri: maji safi, sabuni kidogo, mafuta ya mise. Basi leo tunataka kulieleza, maana jibu hilo fupi liliingiza maneno makali katika jamaa yetu.

Sisi tunaosema hapa ni baba na mama wa mtoto mmoja tu, aliyepita miaka miwili. Tunakaa Kalemie, mahali mto Lukuga unapotoka katika ziwa Tanganyika. Hatukusomea uganga. Yaliyo ya uganga katika makala hii tumeyapokea kwa wakunga na wauguzi, tena tumeyatafuta katika vitabu wakati tulipokuwa tukimngoja mtoto.

Alipozaliwa pale maternite, mwili wake ulikuwa umefunikwa na utando mweupe, mzito kidogo, kama siagi. Nkambo wake, mama ya mama, alikuwa tayari na beseni, maji ya moto, sabuni na kitambaa. Kwake yeye mtoto asiyeoshwa ni kama mgeni asiyekaribishwa. Mkunga akamzuia kwa heshima. «Mama, ngoja kwanza. Hiyo ni nguo aliyovikwa tumboni. Tusimvue upesi.» Akampangusa damu kwa kitambaa laini, akamkausha vizuri, akamlaza kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili. Kumbe ndivyo linavyoshauri hata Shirika la Afya la Dunia nzima: mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Mtoto mchanga hupotewa na joto upesi sana, na utando ule humlinda na vijidudu. Nkambo alinung'unika usiku kucha. Asubuhi aliona mwenyewe kwamba utando umekwisha kuingia mwilini, na ngozi ni laini kama jani changa la mgomba. Hakusema kitu, lakini beseni alilirudisha chini ya kitanda.

Na kitovu vilevile: kikavu na safi, basi. Si majivu, si udongo, si mate, si mafuta. Kama wauguzi wamewapa dawa ya kitovu, fuateni neno lao. Kama hawakutoa, msitafute nyingine sokoni.

Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba kuliko yetu. Tena, ukilinganisha na uzito wake, ngozi yake ni kubwa kuliko ya mtu mzima. Maana yake ni nini? Kile unachompaka nje huingia ndani kwa urahisi, na damu ya kukipokea ni kidogo. Mafuta ambayo baba hupaka bila kudhurika yaweza kuwa mengi mno kwa mtoto wa kilo nne. Lingine ni hili: ngozi ya mtu mzima ina uchachu kidogo usioonekana, nao huwakataza vijidudu kukaa. Mtoto hazaliwi nao kamili. Huupata polepole katika siku na majuma ya kwanza. Sabuni kali huuondoa. Ndiyo sababu hatukupenda sabuni zile za dawa zenye harufu kali, ambazo watu husifu kwamba zinaua kila mdudu.

Basi, sisi tulifanya namna gani? Katika miezi ya kwanza tulimwogesha mara mbili au tatu kwa juma. Siku nyingine tulimfuta tu uso, shingo, mikono na sehemu za haja. Alipoanza kutambaa na kula vumbi lote la uani, tulimwogesha kila jioni, lakini upesi. Maji ni ya uvuguvugu; mama huyajaribu kwa kiwiko cha mkono, si kwa vidole vilivyozoea sufuria. Maji ya ziwa hatuyatumii kama yalivyo, hata yaking'aa namna gani, kwa kuwa Kalemie yetu inajulikana sana kwa kipindupindu, na mtoto hunywa maji ya kuogea bila kuombwa. Sabuni ni ya kipande, isiyo na manukato mengi, nayo hupita pale tu penye uchafu: shingoni, kwapani, mapajani, matakoni, viganjani. Tumbo na mgongo maji yanatosha. Hatusugui. Jiwe la kusugulia ni la visigino vya wakubwa, na nyavu za kuogea vilevile. Na katika beseni mtoto haachwi peke yake hata kidogo, hata kama mtu anapiga hodi mlangoni.

Kisha kumkausha. Hapa wengi huenda mbio. Mtoto mnene ana mikunjo mingi, shingoni, nyuma ya masikio, katika mapaja, na unyevu ukibaki humo ngozi huwa nyekundu na kutoa harufu. Tulijifunza kugusa kwa kitambaa, pole pole, mkunjo kwa mkunjo. Poda hatukutia. Vumbi lake huingia katika pua na mapafu ya mtoto, na faida yake hatukuiona.

Ngozi ingali na unyevu kidogo, ndipo mafuta. Mise mnayajua: ni mafuta meusi yatokayo katika kokwa za ngazi, si yale mekundu ya mboga. Wazee wetu kando ya ziwa walipaka watoto mise toka zamani. Harufu yake haipendwi na vijana wa mjini, nao husema mtoto ananukia kijiji. Acha anukie. Tunanunua chupa ndogo kwa mama tunayemjua, yawe mapya, bila mchanga wala maji. Siku ya kwanza tulipaka tone moja ndani ya mkono wake, tukangoja mpaka kesho tuone kama ngozi inakataa. Katika kiangazi, Juni mpaka Agosti, upepo wa ziwa unapokausha midomo hata ya wavuvi, tunampaka asubuhi na jioni. Mvua na joto vikirudi tunapunguza sana, maana mafuta mengi pamoja na jasho huzaa vipele vya joto. Asiyepata mise atumie vazelini isiyo na manukato, inatosha. Puani na masikioni msitie mafuta yoyote, ingawa ni desturi ya wengi. Mafuta ya puani yaweza kuteremka hata mapafuni.

Hatusemi kwamba mise ni dawa. Tusidanganyane. Huko Uingereza waganga waliwafuata watoto 1,394 toka kuzaliwa, wakatoa habari mwaka 2020. Nusu walipakwa mafuta kila siku mwaka mzima, nusu hawakuagizwa hivyo. Wote walikuwa wa jamaa zenye pumu au ugonjwa wa ngozi kuwasha. Walipofika miaka miwili, ukurutu ulikuwa karibu sawasawa pande zote mbili. Kwa hiyo, mtu akiwauzia kopo la bei kubwa na kusema litamkinga mtoto na ugonjwa wa ngozi, mwulizeni amejuaje. Mafuta hulainisha ngozi iliyokauka, na mkono wa mzazi unaopita mwili mzima kila siku huona upesi kitu kipya. Kwetu faida hii ya pili ndiyo kubwa.

Kwa mfano, ni mkono huo uliotuonyesha funza. Kuna inzi mmoja wa rangi ya manjano kama udongo, hutaga mayai katika nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au juu ya majani. Nguo ikivaliwa, mtoto wa inzi hutoka na kujichimbia katika ngozi. Huonekana kama jipu, lakini ukitazama vizuri lina tundu dogo katikati, nacho ni kipumulio chake. Tuliliona moja kiunoni pa mtoto. Muuguzi hakukamua, alifunika tundu kwa vazelini nzito, funza akakosa hewa, akatoka mwenyewe. Tangu hapo nguo zake zote hupigwa pasi ya moto pande mbili, na mishono pia. Nguo zenyewe tunasuuza mara mbili, maana sabuni ya unga ikibaki katika kitambaa humwasha mtoto kuliko mdudu.

Lakini yako mambo ambayo si ya mise wala ya mkono wa mama. Mtoto mchanga mwenye malengelenge yenye usaha, au wekundu unaoenea kuzunguka kitovu, apelekwe leo, si kesho. Upele unaomkesha usiku, na ndugu zake pia wanajikuna, mara nyingi ni upele wa kuambukiza, na dawa yake ni ya nyumba nzima siku moja, la sivyo utarudi. Vipele vigumu vyenye maji au usaha, hata viganjani na nyayoni, pamoja na homa na tezi kuvimba, vyaweza kuwa mpox, tunayoiita pia ndui ya nyani. Mtu wa kwanza duniani kujulikana na ugonjwa huo alikuwa mtoto wa miezi 9, hapa hapa Kongo, upande wa Basankusu, mwaka 1970. Na mwaka 2024 ulienea vibaya huko Kivu. Hapo msipake kitu. Nendeni dispensari, na mtoto asilale kitanda kimoja na wengine. Tena mtoto mwenye ualbino ana haja yake pekee: kofia pana, mikono mirefu, kivuli, na mafuta ya kuzuia jua kama yanapatikana. Kwake jua ni hatari ya kansa.

Sasa tufike kwenye ugomvi.

Juma moja kabla ya Ubatizo, shangazi alifika kutoka Lubumbashi. Mjue kwanza shangazi ni nani kwetu. Baba yetu alipokufa, yeye ndiye aliyelipa shule. Siku ya ndoa yetu alitoa sehemu kubwa ya mali. Mtu wa namna hii, akija na zawadi, unapokea kwa mikono miwili na magoti chini. Alileta nguo nyeupe ya Ubatizo, viatu vidogo, soksi zenye utepe. Chini ya mfuko lilikuwako kopo la krimu.

«Mtoto huyu alizaliwa mweupe,» akasema. «Mlinitumia picha, niliona. Sasa mmemharibu kwa mafuta yenu meusi. Mpakeni hii siku saba tu, ang'ae katika picha ya Ubatizo.»

Watu wengi husadiki neno hilo la mise kufanya mtoto mweusi. Si kweli. Watoto wetu wengi huzaliwa weupe kuliko watakavyokuwa, na rangi yao huja polepole katika majuma na miezi. Wazee walijua, ndiyo maana wakitaka kujua rangi ya mtoto walitazama ncha za masikio na mizizi ya kucha. Mise haitii rangi. Rangi inatoka ndani, imekuja na damu ya baba na mama.

Tulichukua kopo, tukasoma maandishi madogo. Tuliona «hydroquinone» na «clobétasol». Hidrokinoni huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Ikipakwa muda mrefu huleta mabaka ya rangi ya buluu na nyeusi ambayo hayaondoki kwa urahisi. Umoja wa Ulaya uliikataza katika krimu za ngozi tangu mwaka 2001. Klobetasoli ni dawa kali ya hospitali, ya kupakwa kidogo, siku chache, kwa neno la mganga. Hufanya ngozi nyembamba, huleta michirizi, huficha ugonjwa; na kwa mtoto yaweza kuingia katika damu hata kuzuia kukua kwake. Makopo mengine yana zebaki. Hiyo ni sumu ya figo na ya mishipa ya fahamu, nayo haikai kwa aliyejipaka peke yake: hushika mataulo, shuka, na mashavu ya mtoto anayebebwa, na mama mwenye mimba humpitishia aliye tumboni. Huko Japani, katika mji wa Minamata, zebaki ya kiwanda iliingia katika samaki. Ugonjwa ulijulikana mwaka 1956, mgonjwa wa kwanza akiwa mtoto wa kike wa miaka mitano, na wako mama walioonekana wazima wakazaa watoto walioharibika. Ni kwa jina la mji huo mataifa yalifanya mapatano mwaka 2013 ili kupunguza zebaki duniani, na krimu za kung'arisha zimetajwa humo. Lakini mapatano yako mbali, na kopo liko sokoni.

Namna gani kumwambia shangazi? Kumrudishia kopo mkononi ni kumtukana. Kulipokea na kulificha ni kumdanganya, na angeuliza kila siku. Usiku ule tulizungumza mpaka jogoo wa kwanza. Asubuhi tukamkalisha kitini, sisi wawili tukaketi kwenye mkeka, tukamwambia: «Shangazi, nguo tumepokea, viatu tumepokea, na sala zako tumepokea. Krimu hii hatutampaka mtoto. Si kwa kukudharau. Imeandikwa humu dawa ambayo damu yake haiwezi.» Tukamsomea, tukamwonyesha maneno kwa kidole.

Alikaa kimya. Kisha akasema: «Mimi nimepaka miaka kumi. Nimekufa?»

Hatukujibu. Macho yetu yalikuwa yameshuka bila kutaka mpaka mikononi mwake, pale vifundo vya vidole vilipobaki vyeusi na mikono yote ikiwa myekundu. Aliona tunatazama. Akavuta kitenge, akafunika mikono.

Hatumcheki shangazi, wala tusimcheke mwanamke yeyote wa namna yake. Mjini walimwambia kwamba mweupe ndiye anayepewa kazi, ndiye anayeolewa, ndiye anayesalimiwa kwanza katika duka. Waliompangia makopo hayo walijua walichotia ndani; yeye alijua tu alichoambiwa. Hasira yetu iko kwao. Lakini mtoto hawezi kusema «sitaki», na mwili wake tumepewa kuutunza, si kuusahihisha.

Siku ya Ubatizo shangazi alikuja, akakaa benchi la nyuma. Padri alimpaka mtoto mafuta ya wakatekumeni kifuani. Baada ya maji akampaka Krisma takatifu utosini. Mafuta ya Krisma kwa desturi ni ya zeituni, na tangu mwaka 1970 Kanisa limekubali hata ya mimea mingine pale inapofaa, pamoja na manukato. Mtoto alivikwa nguo ile nyeupe ya shangazi. Uso wake, masikio yake, mikono yake, vyote vilikuwa na rangi yake mwenyewe, na alilia kwa nguvu.

Kuna habari moja katika Kitabu cha Wafalme ambayo katekista wetu hupenda kueleza: habari ya Naamani, jemadari mwenye ukoma. Nabii alimwagiza aoge mara saba katika Yordani, naye akakasirika, kwa kuwa alitazamia jambo kubwa zaidi. Watumishi wake walimtuliza, akaoga, na mwili wake ukarudi kuwa kama wa mtoto mdogo. Tangu mambo ya shangazi tunaisikia habari hii kwa namna nyingine. Mtu anayeshauriwa maji matupu huona kama amedharauliwa.

Mwaka huu, mwanzo wa kiangazi, shangazi alitumwa kwa mganga wa ngozi kwa sababu ya mashavu yake kuungua. Ameambiwa asiache yote kwa siku moja, bali apunguze kwa kufuata maagizo, maana ngozi iliyozoea klobetasoli hulipiza. Ametueleza hayo kwa simu, maneno machache, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Hatukumkumbusha kitu. Kisha akauliza kama yule mama wa mise bado anauza, na chupa moja inafikaje Lubumbashi bila kumwagika garini. Tumefunga mbili katika mfuko wa plastiki, na za pili juu yake majani ya mgomba, tumempa dereva anayeondoka Jumanne.